Viteme, Jina Lisilopatikana

Tangu mlango ule ufungwe kwa nje, avenue nzima, mtaa wote, imejifunza upya kuamka bila mlio wake. Ulikuwa mlio wa komeo mbili za chuma, moja juu na moja chini, na kati ya komeo ya kwanza na ya pili palikuwa na kimya. Kila jirani alikijua kimya kile. Ndipo mama wa ndani alipoweka jicho kwenye upenyo, akaangalia nani amesimama nje, na kama hakuna aliyesimama, kwa nini hakuna. Halafu komeo ya pili ikavutwa, na harufu ya maharagwe makavu na sabuni ikatoka kukutana na vumbi jekundu la Kampemba, Lubumbashi.

Sasa vumbi linajilaza kizingitini na hakuna wa kulifagia. Ukiuliza habari za mama yule, utapata majibu mengi kuliko watu uliowauliza. Mmoja atasema alikuwa mke wa mwanajeshi mkubwa. Mwingine atasema alikuwa jicho la watu fulani, ndiyo maana alikataa kupigwa picha hata siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Muuza mikate wa pembeni atasema tu kwamba hakuwa mtu wa kucheka, ila kipimo chake cha maharagwe kilikuwa kinajaa. Hakuna atakayekutajia jina lake, kwa maana hakuna aliyepewa. Walimwita Mama Précieuse, kwa jina la bintiye, naye akaona inatosha.

Jina lake ni Émerance Kavira. Alizaliwa kwenye vilima vya Lubero, Kivu ya Kaskazini, kule ambako jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukiita Kavira sokoni kule kwao, nusu ya soko itageuka. Mumewe, Vital Kambale, naye alikuwa Kambale mmoja kati ya Kambale wasiohesabika. Labda ndiyo sababu, siku walipofungua depo yao, duka la kuuzia kwa jumla, Goma, mtaa wa Birere, walitaka jina ambalo halijabebwa na mtu yeyote chini ya jua. Walifanya kama wafanyabiashara wengi wa kwao wanavyofanya: wakakata kipande cha jina la mume, wakakata kipande cha jina la mke, wakavishona. Vital na Émerance, Viteme. Maison Viteme ikaandikwa kwa rangi ya kijani juu ya mlango wa depo na kwenye paji la lori la Fuso, ambalo Vital aliliendesha mwenyewe kutoka mpaka wa Kasindi akiwa na mafuta na sukari, na kurudi nalo likiwa na maharagwe.

Kisha ikaja Januari ile, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukanyamaza, na watu wakaanza kuwatambua majirani zao kwa viatu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuinua uso. Vital alimwambia mkewe atangulie na mtoto kwa mashua hadi Bukavu, yeye atoe lori kwanza, atawafuata. Émerance alimwona kwa mara ya mwisho akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori, anafuta kioo kwa kiwiko cha shati, kama mtu anayekwenda safari ya kawaida.

Bukavu haikudumu. Wakateremka mpaka Uvira pamoja na maelfu ya wengine, na hapo ndipo simu yake ilipolia, namba ya Vital ikaandikika kwenye kioo. Alipoipokea, sauti haikuwa ya Vital. Ilikuwa sauti ya mtu mpole, mwenye Kiswahili kisicho na kwao. Ikamuuliza yuko wapi, ili aletewe habari za bwana wake. Émerance akakata simu. Kesho yake ikapiga tena, na safari hii ikataja jina la depo, polepole, kama mtu anayeonja chakula. Alitoa laini kwenye simu, akaivunja kwa meno, akatupa vipande ziwani. Baadaye tu, wakiwa tayari njiani kuja Katanga, akakumbuka kwamba namba ile ndiyo pekee ambayo Vital aliijua kwa kichwa.

Lubumbashi aliijia bila mtu anayemjua. Julienne, mjane mkatoliki ambaye baba yake alitoka upande wa Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, alimpangisha chumba cha mbele cha parseli yake, kiwanja chenye nyumba, na chumba hicho kilikuwa na mlango wa barabarani. Hakuwa mwanamke mbaya, lakini alikuwa na maswali. Alitaka kujua mama ametoka Goma gani, ile ya mjini au ile ya porini, na bwana yuko wapi, na kwa nini mtoto haendi kwa wenziye wa kwao. Chefu wa avenue, mkuu wa mtaa, naye alikuja, akaishika kadi ya uchaguzi ya Émerance, akaigeuza nyuma na mbele, akalinganisha picha na uso muda mrefu. Mji wenyewe ulikuwa na homa wakati ule. Watu walisema vita vinashuka kutoka kaskazini na kwamba wageni ndio njia yake. Émerance aliwaona wakimtilia shaka, naye akawarudishia shaka yao yote, pamoja na ya kwake aliyokuja nayo. Alifungua depo ndogo bila kibao. Alikaa akiutazama mlango. Akipimia mteja maharagwe, alisikiliza anavyotamka maneno.

Miezi ikapita. Ndugu wachache aliowapata kwa simu, mmoja Kasese, wengine Beni, hawakuwa na habari ya Vital. Kila mmoja alikuwa na kilio chake. Alikuwa mke, tena hakuwa mke. Hakuwa na kaburi la kulilia wala sauti ya kugombana nayo. Ni Précieuse, binti yake wa miaka kumi na sita, aliyesema neno lililomwondolea mama usingizi. Alisema baba anaweza kupoteza simu, anaweza kupoteza namba zote, lakini hawezi kupoteza Viteme. Siku atakayoshika simu ya mtu yeyote ataandika jina lile kwenye mtambo wa kutafuta, aone kama kuna chochote. Na kwa kuwa halipo neno lingine kama hilo duniani, kama kuna tovuti yenye jina hilo na namba mpya ya mama, atawapata.

Émerance hakutaka habari za Facebook. Huko, alisema, kila mtu ameingia nyumbani mwa kila mtu. Lakini tovuti, nyumba yako mwenyewe yenye mlango wako mwenyewe, aliielewa. Ndipo Julienne akasema kwamba mwanawe mkubwa, Paulin, ndiyo kazi yake hiyo. Paulin alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, anakaa Makomeno, chumba cha mbele ameweka mashine ya fotokopi na kompyuta, betri ya sola chini ya meza. Alikuwa ametengenezea tovuti shule ya masista na mapasta kadhaa. Alikuja jioni moja, akakalia gunia, akaomba jina la depo, picha ya lori, na picha ya bwana kama ipo. Kila alichoomba, Émerance alijiuliza anakitakia nini. Mwana wa mwenye nyumba, mtu wa hapa, anataka picha ya Vital. Akampa ya lori tu. Halafu akasema lile lililomkaa moyoni.

“Papa Paulin, sikiliza vizuri. Muntu ambaye hatujui, akipita, aone hakuna kitu. Mwenye anatujua, yeye aingie.”

“Na ule mwenye kukujua, mama, atapitia wapi?”

“Mwenye anatujua, anatujua.”

Paulin akacheka. “Iko sawa. Basi tutafanya duka ya kichawi: mwenye kuijua tu njo anaiona.”

Émerance hakucheka. Alimwambia afanye vile vile alivyosema.

Siku tovuti ilipokuwa tayari, Paulin aliifungua kwenye simu yake, akiandika anwani yote herufi kwa herufi, na Viteme ikatokea, ya kijani, na lori chini yake, na sentensi moja aliyoitunga Émerance: Tuko Lubumbashi, sisi wote wawili, mama na binti, tunakungoja. Chini yake namba ya simu na jina la Précieuse. Émerance aliiangalia mpaka kioo kikazimika chenyewe. Usiku ule alilala upande wa pili wa kitanda, ule wa Vital.

Asubuhi Précieuse akaandika Viteme kwenye simu yake, bila anwani, kama baba atakavyoandika. Mtambo ukafikiri kidogo, ukamuuliza kama hakukusudia vitamini. Ukamletea vidonge, matunda, daktari mwenye koti jeupe. Viteme haikuwamo. Akaandika Maison Viteme. Haikuwamo. Akaandika Vital Kambale, wakaja akina Kambale wengi: mwalimu, mbunge, mchezaji wa mpira, marehemu mmoja, hakuna aliyekuwa baba yake.

Paulin, alipoulizwa, hakushtuka. Alisema tovuti mpya ni kama mtoto mchanga, lazima kwanza aonekane na watu. Kuna mashine, alisema, inayotambaa mchana na usiku ikifuata njia kutoka tovuti moja hadi nyingine, inasoma inachokikuta, inakiandika kwenye kumbukumbu yake, na ni kumbukumbu hiyo watu wanayoitafuta. Haijafika kwako. Itafika. Subiri.

Neno subiri Émerance alilijua. Ndilo walilokuwa wakimwambia Vital kwenye kizuizi cha Kasindi wakati mtu fulani ndani ya ofisi anapiga simu kwa mtu fulani nje. Akasubiri, lakini alisubiri kama paka. Kila asubuhi, kabla ya komeo, Précieuse aliandika jina, na kila asubuhi zikaja vitamini. Mama akaanza kukusanya mambo madogo. Kwamba Paulin alipunguza sauti ya simu yake alipomwona. Kwamba mama yake, Julienne, alisikika nyuma ya ukuta akisema na mtu, na ndani ya maneno yake mliruka mara mbili bantu ya Goma, bantu ya Goma, yaani watu wa Goma, kisha kicheko. Alisimama na kipimo mkononi akasikiliza, mteja akimtazama. Ni nani aliyekuwa upande wa pili wa simu ile, hakujua, wala hakupata kujua hadi leo.

Aliyeumwa na nyoka hushtukia hata kamba. Ilifika siku alimtazama binti yake mwenyewe, aliyekuwa akimtetea Paulin kwa bidii mno, akajiuliza kama mtoto hajaambiwa kitu. Précieuse aliliona swali hilo machoni mwa mama yake. Alikwenda kukaa uani na simu yake, na siku hiyo hakuandika jina.

Picha aliyokuwa nayo Émerance kichwani ilikuwa imekamilika sasa. Paulin ameificha tovuti. Ameionyesha kwa watu walioilipia, akaificha kwa wengine. Sauti ile ya Uvira inaiona kila siku; Vital peke yake ndiye asiyeiona.

Akafunga depo saa za mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda Makomeno bila kutanguliza simu. Aliwakuta mezani. Paulin alikuwa anakula bukari, ugali wa kule, na matembele pamoja na mkewe, Dorcelle, aliyeinuka papo hapo kuleta maji ya kunawa. Karibu mama, akasema Dorcelle, ulitukuta vizuri. Émerance akasema ameshiba. Kukataa chakula kwa namna ile, umekuta watu mezani na maji yameshaletwa, ni kusema mbele yao kwamba chungu chao hakiaminiki. Dorcelle alisimama na beseni mikononi. Kisha akarudisha maji jikoni, na hakutoka tena.

Paulin alifuta mkono wake, polepole.

“Mama, kama iko jambo, sema.”

“Fungua hiyo mashine. Unionyeshe mwenye umemuuzia jina letu.”

Hakubisha. Pengine alikuwa na hasira, pengine alitaka yaishe. Aliwasha kompyuta, akaingia mahali ambapo Émerance hakuwa amewahi kuonyeshwa, nyuma ya tovuti, kama kuingia uani mwa nyumba. Akapitisha kidole kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Halafu kidole kikasimama. Paulin akajikuna kichwa, akavuta pumzi kwa pua kama mtu aliyejikwaa kwenye kiatu chake mwenyewe.

“Njo hii,” akasema. “Mashine ilikuja, mama. Ilikuja zamani. Ikasoma hapa ku mulango, ikarudia.”

“Nani ameirudisha?”

“Weye. Na miye. Uliniambia muntu mwenye hamumujue asione kintu. Njo nikaweka alama: anayepita, usiandike hii nyumba mu kumbukumbu. Nilizani anwani utaipana kwa mukono, kwa bantu yako, mumoja mumoja. Kisha kazi ikawa mingi, nikasahau kama niliiweka. Ulipolia haionekane, nikasema ni upya wake tu.”

Émerance aliuliza lile ambalo lilikuwa likimwelea taratibu, na aliuliza kwa sauti ndogo. Aliuliza kama mashine ile haiwezi kuchagua. Kule Birere walikuwa na mlinzi, Gérard, mzee wa Masisi asiyejua kusoma. Mtu mwenye bunduki au mdai akija, Gérard alisema bwana hayuko, kasafiri, hajulikani atarudi lini. Na kabla vumbi la yule halijatua alimfungulia shangazi wa Vital mlango wa pembeni. Hakuna aliyemfundisha. Alijua watu. Émerance alikuwa ameamini, bila kuliweka wazo lile kwenye maneno, kwamba mtambo wenye akili kiasi kile, unaojua habari za dunia nzima, hauwezi kushindwa na kazi ya Gérard.

Paulin hakumcheka. Alisema, “Mashine haina ndugu, mama. Kama inaonyesha, inaonyesha kwa bote. Kama haionyeshe, na bwana yako haone.”

“Na wale wengine?”

“Bote, nilikuambia.”

Alirudi Kampemba kwa miguu. Njiani aliwaona watu wa mji ule kana kwamba wamesimama wamegeuza nyuso kumwelekea, wauza mkaa, mafundi simu, wanafunzi wenye mashati meupe, na aliwaza kuhusu sauti ile iliyoonja jina la depo yake. Imekaa mahali fulani. Labda nayo huandika Viteme kila asubuhi. Miezi yote hii imekuwa ikiletewa vitamini, na yeye, bila kujua, amekuwa akilala salama chini ya alama ya Paulin. Alilirudia hilo hatua kwa hatua: kwamba alikuwa salama. Kwamba kitu alichokuwa akikilaani ndicho kilichokuwa kimemfunika. Angeweza kukiacha kilivyo. Angeweza kuzeeka Kampemba akiwa Mama Précieuse, mjane asiye mjane, akiuza maharagwe kwa kipimo kinachojaa.

Alimkuta Précieuse uani. Akamweleza yote, na hii yenyewe ilikuwa mpya, maana tangu Uvira alikuwa akimpa mtoto nusu za mambo. Akamuuliza: tukifungua, akija yule wa simu? Précieuse alifikiri. Alisema tutahama. Kisha akasema, baba yeye hawezi kuhamia mahali asipopajua.

Basi Émerance akamwandikia Paulin neno moja, fungua.

Paulin aliitoa alama. Akaiandalia mashine orodha ya kurasa, akaiomba ipite tena, na kwa kuwa mashine hufuata njia, akaweka njia: kwenye tovuti ya shule ya masista, kwa ruhusa yao, mstari mdogo chini kabisa uliotaja Maison Viteme, Lubumbashi. Hakuomba shukrani wala hakupewa. Émerance hakuwa amefika mahali pa kumwamini. Alikuwa amechagua tu woga mmoja akauacha mwingine.

Asubuhi moja ya baridi ya Julai, Précieuse aliandika jina na vitamini hazikuja. Ilikuja Viteme, ya kwanza, peke yake, na sentensi ya mama chini yake. Mtoto alitabasamu. Émerance alikwenda kuangalia kwenye upenyo wa mlango.

Simu ya kwanza haikuchelewa. Ilikuwa sauti nyingine, ya furaha nyingi, mwanamume aliyesema yeye ni mwenzake Vital, kwamba walikuwa pamoja, Vital ni mgonjwa, amemtuma. Émerance akamuuliza lori lilikuwa rangi gani. Nyeupe, akajibu bila kusita, na maandishi ya kijani. Mtoto anaitwa nani? Précieuse. Yote yalikuwa sahihi, na yote yalikuwa kwenye tovuti. Sasa mama, akasema yule mtu, mko Lubumbashi avenue gani, tupite kuwaona. Émerance akakata. Jioni ile alivuta magunia ya maharagwe akayapanga nyuma ya mlango, na Julienne alipobisha kuuliza kuna nini, akamjibu kupitia chuma kwamba hakuna kitu. Walipiga tena wawili, siku tofauti, mmoja akilia. Wote walijua majibu. Mara nyingi alishika simu kumwandikia Paulin afunge, na kila mara akaiweka chini.

Ile nyingine ilipolia ilikuwa mchana, mteja amesimama mbele yake na mfuko wazi. Namba asiyoijua. Alipokea, hakusema kitu, kama desturi yake. Walisikilizana kimya kwa muda, watu wawili kila mmoja amejificha nyuma ya pumzi yake. Halafu sauti ya mwanamume, kavu, iliyochoka, ikauliza:

“Wewe ni nani?”

“Wewe ndiye umepiga. Wewe ni nani?”

“Nimeona jina la depo yangu hapa. Nataka kujua nani ameliiba.”

Ilifanana na ya Vital. Lakini sauti nyingi zilikuwa zimefanana na yake, usingizini na mchana. Émerance alimpa mteja ishara atoke. Alikuwa amejifunza kwa wale waliotangulia kwamba maswali yenye majibu hayafai; majibu yote yalikuwa hewani. Akauliza swali lililomjia.

“Siku Précieuse alizaliwa, ulikuwa wapi?”

“Pale pale. Hospitali.”

Ukweli ni kwamba Vital hakuwa hospitali. Lori lilikuwa limezama matopeni kwenye njia ya Kasindi, na alifika kesho yake, mtoto ameshanyonya na kulala. Mtu wa uongo naye angeweza kubahatisha hivyo, kwa hiyo Émerance akamkanusha, aone kama atang'ang'ania.

“Haukukuwa,” akasema.

“Nilikuwa. Nilifika kabla mutoto alie.”

“Ulifika kesho, na matope mpaka kwenye masikio.”

“Unaanza tena, mama. Miaka kumi na sita unaanza tena. Uliza mama yako kama sikukuwa.”

Ni hapo alipokaa chini, kwenye sementi, kati ya magunia. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kuusimamia uongo ule, akaupalilia kila mwaka siku ya mtoto, mbele ya wageni, mpaka ukawa mzaha wa ukoo. Akasema, “Baba Précieuse.”

Yeye pia alikuwa na la kusema, na halikuwa tamu. Wenye bunduki walimchukua pamoja na lori, na simu yake ikabaki kwao. Alipotoroka alivunjika mguu, akabebwa na watu wa mashua, akaangukia Kalemie, mguu ukaunga vibaya. Alipopata simu za kuazima, tangu pale ilipowezekana, aliandika Viteme. Aliandika tena na tena. Hakuna. Namba ya mkewe haikuita. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyelizoea wazo lake, kwamba alifikia kuamini mke wake hajafa, ila amejificha kwake yeye.

Émerance angeweza kumweleza habari za alama, za Paulin, za mashine isiyo na ndugu. Hakueleza. Alisema ni kweli, nilijificha, na Vital akauliza kama mtoto amekuwa mrefu.

Émerance hakuondoka kwenda Kalemie siku ile wala wiki ile. Alipiga simu mara nyingi, nyakati tofauti, kuhakikisha kwamba sauti ni ile ile. Alimtaka apige picha ya mguu. Aliuza maharagwe yaliyobaki. Kwa Julienne alisema anasafiri, na Julienne, aliyekuwa na maswali siku zote, safari hii hakuuliza. Alimfungia mkate na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Kabla hawajapanda gari, Précieuse alimwona mama yake akikifungua kile kitambaa, akinusa kidogo, halafu akila.

Leo Émerance Kavira yuko Kalemie, karibu na bandari, anauza maharagwe na dagaa kwenye meza moja na mumewe. Namba iliyo kwenye tovuti ni ya kwake, na akiipokea bado hawi wa kwanza kusema.